Dawa na sheria: wanafunzi wa farmasi wanatafuta nini ku fakilte ya pili?

Ku Lubumbashi, sawa vile ku Bukavu na ku Kinshasa, kuko wanafunzi wa farmasi wenye wanawaza kusoma sheria kisha kupata diplome yao ya kwanza. Wengine wanataka kuwa avoka. Wengine wanatafuta kazi ku serkali ao ku kampuni zenye kuingiza dawa. Na wengine wanaogopa tu: wanasikia habari ya mufarmasia mwenye aliitwa ku parke juu ya farmasi yenye hata haiko yake, na wanataka kujua namna ya kujilinda.

Wazazi wenye kulipa masomo wanauliza ulizo la haki: mutoto alisoma dawa miaka yote hii, sheria itamuongezea nini? Habari hii inaeleza sababu zenye kuwasukuma wanafunzi, kazi zenye kupatikana pale masomo haya mawili yanakutana, na mipaka yenye inafaa kujulikana mbele ya kulipa pesa ya kujiandikisha.

Sheria iko tayari ndani ya farmasi

Hata bila kuingia ku fakilte ya sheria, mwanafunzi wa farmasi anakutana na sheria. Ndani ya programu yake kuko somo la sheria za farmasi, na kuko somo la deontolojia, ni kusema kanuni za mwenendo mwema wa kazi. Pale anafundishwa nani ana ruhusa ya kufungua farmasi, dawa gani haitoke bila karatasi ya munganga, namna ya kuandika ndani ya rejista dawa zenye kulevya, na siri gani ya mugonjwa haifai kutoka inje. Hiyo siri haiko tu jambo la adabu. Article 73 ya kitabu cha pili cha Kode penali ya Kongo inaazibu mutu mwenye alipewa siri kwa sababu ya kazi yake, kisha anaitoa.

Wengi wanachukua somo hilo sawa somo la kukariri: tarehe, nambari, article, kisha mutihani, basi. Mawazo yanabadilika wakati wa staji. Mwanafunzi anaona dawa ku soko zinapigwa na jua ndani ya beseni. Anaona antibiotike inauzwa vidonge vitatu vitatu, juu muteja hana pesa ya dozi yote. Anaona muuzaji mwenye alijifunza kazi kwa kumuangalia mwenzake tu. Yote hayo alifundishwa kwamba yamekatazwa. Pale njo anaanza kujiuliza: kama sheria iko, nani anaifuatisha? Na kama mutu anakufa, nani atajibu?

Sinyatire yenye kukodishwa

Ulizo hilo la pili njo linawagusa wanafunzi kwa nguvu zaidi. Farmasi inaomba mufarmasia mwenye kujibu juu ya kazi yake. Lakini mara mingi pesa iko kwa mufanya biashara. Basi wanapatana: mumoja analeta pesa, mwengine analeta diplome na jina. Mupango huo hauko mubaya kama mufarmasia anakuja kazini kweli, anaangalia dawa na anaongoza wauzaji.

Ubaya unaanza pale mufarmasia anatoa jina tu. Sinyatire yake iko ndani ya dosie, jina lake liko ku kibao, lakini yeye mwenyewe anaonekana siku ya ukaguzi, ao siku ya kuchukua bahasha ya mwezi. Vijana wenye wametoka kumaliza masomo njo wa kwanza kufuatwa na mupango wa namna hiyo. Hawana kazi, hawana mutaji, na familia inangojea. Pesa ya kila mwezi bila kwenda kazini inaonekana sawa baraka.

Mufano huu unaonyesha hatari iko wapi. Muuzaji anampa mutoto dozi ya mutu mukubwa, mutoto anakufa. Milango mitatu inaweza kufunguka kwa wakati moja.

Wa kwanza ni parke. Kode penali, kitabu cha pili, article 52 na 53, inaongea juu ya kuua bila kukusudia, kwa kukosa uangalifu. Azabu inamwangukia mutu mwenye alikosa, na parke inapaswa kuonyesha kosa lake. Wa pili ni malipo ya hasara. Kode sivile, kitabu cha tatu, article 258, inasema kwamba mwenye kuleta hasara kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha, na article 260 inagusa hata bwana wa kazi juu ya makosa ya watumishi wake. Wa tatu ni Ordre des pharmaciens, chama cha kazi chenye kilianzishwa na sheria ya tarehe 30 Machi 1991. Chenyewe kinaangalia mwenendo wa wafarmasia, na kinaweza kumuazibu mwenye kuvunja kanuni za kazi.

Mulango moja hauzuie mwengine. Mwenye kukodisha jina hapati kinga kwa kusema «sikuwa pale», juu alipaswa kuwa pale, na kukosa kuwa pale kunaweza kuhesabiwa kuwa kosa lenyewe. Mwanafunzi mwenye anaelewa jambo hili mapema anaona sheria kwa jicho lingine. Haiko tena orodha ya tarehe. Ni kitu chenye kitamukamata yeye ao kitamulinda.

Dawa ya uongo yenye iliwapotosha hata waganga

Sababu ya pili ni dawa za uongo. Shirika la afya la dunia, OMS, lilitangaza mwaka 2017 kwamba ndani ya inchi zenye mapato ya chini na ya katikati, dawa karibu moja kati ya 10 ni ya uongo ao haina kiwango chenye kufaa.

Kongo ina mufano wake, na ni muzito. Kati ya mwisho wa mwaka 2014 na mwaka 2015, kaskazini mashariki ya inchi, pande za Ituri na Haut-Uélé, watu walianza kufika ku hospitali shingo zimepindika, uso unakazana, macho yamepanda juu. Kwanza watu walifikiri ni meninjite. Kisha uchunguzi ulionyesha kwamba vidonge vyenye viliandikwa «diazepam» vilikuwa na dawa ingine ndani: haloperidol, dawa ya wagonjwa wa akili. Watu zaidi ya 1,000 walitunzwa kwa ugonjwa ule. Wengine walikufa, na kati yao watoto wadogo.

Kwa munganga, habari ile ni ya kemia na ya mwili. Kwa mutu wa sheria, ni orodha ya maulizo. Nani aliingiza vidonge vile? Vilipita mupaka gani, na karatasi gani? Vilikuwa na ruhusa ya kuuzishwa ndani ya inchi? Nani ana uwezo wa kuamuru viondolewe ku farmasi zote, na kwa muda gani? Familia yenye ilipoteza mutoto inamushitaki nani: muuzaji wa kijiji, muletaji, ao kiwanda cha inje? Mufarmasia peke yake atajua kitu chenye kiko ndani ya kidonge. Avoka peke yake atajua tribinali gani inafaa. Mutu mwenye anajua vyote viwili anaweza kuunganisha karatasi ya mashini ya uchunguzi na dosie ya tribinali.

Sheria za wakati wa Wabeleji pamoja na za leo

Sababu ya tatu ni sheria zenyewe: ni mingi, na hazikutoka siku moja. Kuko ordonanse ya mwaka 1933 juu ya kazi ya farmasi, na dekreti ya tarehe 19 Machi 1952 juu ya kazi ya kuponyesha watu, zote za wakati wa ukoloni. Kuko Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yenye article yake ya 47 inahakikisha haki ya afya. Kuko sheria nambari 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya mupango wa afya ya watu wote, yenye inagusa pia mambo ya dawa, na yenye ilirekebishwa mwaka 2023. Kisha kuko ma arete ya mawaziri, moja juu ya ingine.

Kujua ni sheria gani inasimama, gani ilifutwa, na gani iko chini ya ingine, hiyo ni kazi ya mwenye kusoma sheria. Ku fakilte ya farmasi hakuna wakati wa kufundisha vile kwa urefu. Lakini mutu wa sheria naye anakwama haraka. Akisoma kwamba dawa moja ni «sawa» na ingine, atamuuliza nani sawa kwa namna gani: kwa jina, kwa kipimo, ao kwa namna mwili unaipokea? Njo maana wenye kuwa na miguu pande zote mbili wanatafutwa.

Kazi gani iko mbele?

Kazi ya kwanza yenye wanafunzi wanataja ni ACOREP, ni kusema ofisi ya Kongo yenye kusimamia mambo ya dawa. Iliundwa mwaka 2020 chini ya wizara ya Afya, na ilichukua pahali pa ile direksio ya zamani ya farmasi na dawa. Yenyewe inatoa ruhusa ya kuuzisha dawa ndani ya inchi, na inasimamia ukaguzi. Mukaguzi mwenye anajua dawa lakini hajue kuandika proseverbali anaweza kuharibu dosie muzima. Avoka wa upande mwengine atatafuta kosa ndani ya karatasi: tarehe inakosa, shahidi hakutia sahihi, dawa zilikamatwa bila kuhesabiwa. Na dawa mubaya zinaweza kurudi ku soko juu ya kosa la karatasi tu.

Ya pili ni kampuni zenye kuingiza dawa na depo zenye kuuza kwa jumla. Muji wa Lubumbashi uko karibu kilometa 90 na mupaka wa Kasumbalesa, na mizigo mingi inapita pale. Kila karto ya dawa inaomba karatasi: ruhusa ya ACOREP, duane ya DGDA, ukaguzi wa OCC, fakture, cheti cha kiwanda. Kampuni inatafuta mutu mwenye anaweza kufuatilia yote hayo, kuandika mikataba, na kusema hapana wakati karatasi haiko sawa. Tangu mwaka 2012 Kongo iko ndani ya OHADA, kwa hiyo kampuni za dawa zinafuata pia sheria za biashara zenye kutumiwa ndani ya inchi 17 za Afrika.

Ya tatu ni kuwa mujuzi mbele ya tribinali. Kwa hiyo, diplome ya sheria haiombwe. Dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959 juu ya kesi za azabu inampa afisa wa parke uwezo wa kumuita mutu mwenye ujuzi ili asaidie uchunguzi. Lakini mufarmasia mwenye anajua namna muamuzi anawaza ataandika raporti yenye kusomeka. Ataacha maneno ya maabara, na atajibu ulizo lenye aliulizwa, bila kuzunguka.

Ya ine ni kuwa avoka kamili, mwenye kushugulika na kesi za afya: makosa ya matunzo, dawa mubaya, bima, mikataba ya hospitali. Waavoka wa jinai na wa shamba ni wengi. Wenye wanaweza kusoma dosie ya mugonjwa na kuelewa kila mustari ni wachache.

Ya tano inaonekana mbali lakini inagusa bei ya dawa: haki za wenye kuvumbua dawa. Kongo iko ndani ya shirika la biashara la dunia, OMC, tangu tarehe 1 Januari 1997. Juu inahesabiwa kati ya inchi zenye maendeleo ya chini, sheria za OMC haziilazimishe kulinda haki hizo upande wa dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Hii inaweza kufungulia njia viwanda vya kutengeneza hapa kwetu dawa zenye majina ya kawaida. Kwa kuitumia vizuri, inchi inahitaji watu wenye kuelewa molekile na mukataba.

Na mwisho, mambo ya dawa yanaenda kuunganishwa ndani ya Afrika yote. Umoja wa Afrika ulikubali mwaka 2019 mukataba wa kuunda shirika la dawa la Afrika. Ulianza kufanya kazi tarehe 5 Novemba 2021, na makao yake yako Kigali, Rwanda. Kazi za namna hiyo zitaomba watu wachache, na zitaomba Kiingereza juu ya Kifaransa. Haiko vizuri kumuahidi kila mwanafunzi kwamba atafika kule.

Avoka hawezi kuuza dawa

Hapa njo pahali wanafunzi wengi wanajidanganya. Wanawaza: asubui niko ku farmasi yangu, kisha saa ya tribinali navaa toge. Sheria ya waavoka, ordonanse-sheria nambari 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979, haikubali vile. Kazi ya avoka haipatane na biashara, na farmasi ni biashara. Haipatane pia na kuwa mutumishi wa serkali mwenye matrikile. Kufundisha ku chuo kikuu hakukatazwe.

Maana yake ni kwamba mwenye diplome mbili atapaswa kuchagua. Ao anabakia mufarmasia mwenye kujua sheria, ao anakuwa avoka mwenye kujua dawa. Anaweza kubadilisha njia kisha miaka, lakini hawezi kushika zote mbili siku moja. Na kwa kuwa avoka, diplome peke yake haitoshe: kuko kujiandikisha ku baro, na staji ya miaka miwili chini ya avoka wa zamani, mara mingi na pesa kidogo sana.

Miaka na pesa

Kwa mupango wa zamani, sheria ilikuwa miaka mitano: graduat mitatu na licence miwili. Kwa mupango mupya wa LMD, licence ni miaka mitatu na master miwili. Mutu mwenye kumaliza farmasi na umri wa miaka 25, akianza sheria kutoka mwanzo na asipoanguka, atamaliza na miaka 30. Akiongeza staji ya baro, atakuwa na miaka 32. Kwa familia yenye iliuza kiwanja ili kulipa fakilte ya kwanza, hesabu hiyo haiko ndogo.

Kuko njia fupi. Mwenye anataka kazi ya karatasi za dawa ku kampuni anaweza kutosheka na mafunzo ya miezi kazaa juu ya sheria za dawa, pamoja na kufanya kazi chini ya mutu mwenye uzoefu. Mwenye anavutwa na mipango ya serkali anaweza kutazama master ya afya ya watu wote. Mwenye anataka kesi na tribinali, yeye hana njia ya mukato: atapita ku fakilte ya sheria.

Kwa hiyo, mbele ya kujiandikisha, mwanafunzi anapaswa kujiuliza mambo mane:

- Ni kazi gani halisi ninataka, na ile kazi inaomba diplome gani?
- Chuo kitahesabu masomo yangu ya zamani, ao nitaanzia mwaka wa kwanza? Jibu hilo liombwe kwa maandishi.
- Kama ninataka baro, diplome ya kile chuo inakubaliwa pale?
- Nitakula nini miaka hiyo yote, na nani atalipa?

Mukataba wa kwanza

Wengi wa wanafunzi wa farmasi hawataingia hata siku moja ku fakilte ya sheria. Lakini karibu wote watapewa siku moja mukataba wa kutia sahihi, na pale njo sheria itawakuta kwa mara ya kwanza. Mukataba muzuri unaandika saa zenye mufarmasia atakuwa kazini. Unaandika nani anachagua pahali pa kununua dawa. Unamupa mufarmasia uwezo wa kukataa kuuza, na wa kuondoa dawa yenye ana mashaka nayo, hata kama mwenye pesa anakasirika. Na unaandika namna ya kuachana: siku mufarmasia anaondoka, anajulisha wakubwa wa afya na Ordre kwa barua, na anachunga kopi yenye muhuri wa kupokelewa. Bila barua ile, anaweza kuondoka na jina lake likabakia ku kibao miaka mingi.

Raia naye ana faida. Pahali mufarmasia yuko kweli, mama mwenye anakuja na mutoto wa homa anaweza kuuliza na kupata jibu. Anaweza kuomba aonyeshwe tarehe ya kuisha na nambari ya lot ku karto, na kuomba kikaratasi cha malipo. Kikaratasi kile achunge. Siku mambo yanaharibika, njo kitu cha kwanza avoka atamuomba.